Matibabu ya uzazi na kazi ya ualimu: jinsi ya kupanga miadi ya kliniki bila kuvuruga darasa

Saa mbili asubuhi mwalimu wa Matasia anatarajiwa kuwa darasani, chaki mkononi. Saa hiyo hiyo kliniki nyingi za matibabu ya uzazi jijini Nairobi huwa zimeanza skani za siku, kwa sababu skani hizo hufanywa asubuhi ili daktari aamue mapema dawa ya jioni. Kati ya shule na kliniki kuna barabara ya Ngong, matatu zinazosubiri kujaa, na msongamano wa Karen hadi Dagoretti Corner. Mwalimu mmoja hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo walimu wengine huahirisha matibabu mwaka hadi mwaka wakisubiri likizo ndefu. Wengine huondoka shuleni bila kuaga, na hatimaye hujikuta wakijibu barua ya kujieleza. Njia zote mbili zina hasara. Anayesubiri hupoteza umri, na umri ndio jambo lenye uzito mkubwa zaidi katika matibabu haya. Anayetoroka huhatarisha kazi inayolipia matibabu yenyewe.

Makala haya yanaeleza matibabu ya uzazi yanahitaji nini hasa, ni siku zipi zinazoweza kusogezwa na zipi haziwezi, sheria inampa mwalimu nini, na mwalimu mkuu anaweza kusaidia vipi. Yameandikwa kwa walimu wa Kaunti ya Kajiado, lakini yatamfaa pia mfanyakazi yeyote mwenye saa za kazi zisizobadilika.

Ugumba ni nini

Shirika la Afya Duniani (WHO) husema mtu ana ugumba iwapo mimba haijapatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga. Katika ripoti yake ya Aprili 2023, shirika hilo lilikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hii wakati fulani maishani. Katika shule yenye walimu 18, hilo linaweza kumhusu zaidi ya mmoja.

Mwanamke aliye chini ya miaka 35 anashauriwa kumwona daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Aliyetimiza miaka 35 au zaidi asisubiri zaidi ya miezi 6. Anayepata hedhi isiyo na mpangilio, aliyewahi kuugua maambukizi makali ya nyonga, au mwenye maumivu makali wakati wa hedhi, aende mapema zaidi.

Jamii nyingi humtazama mwanamke kwanza. Ukweli wa kitabibu ni tofauti. Katika takriban nusu ya visa, tatizo la upande wa mwanamume lipo, liwe peke yake au pamoja na la mwanamke. Kwa upande wa mwanamke, sababu za kawaida ni yai kutopevuka, mirija ya uzazi kuziba, uvimbe kwenye nyumba ya uzazi, na umri. Kuziba kwa mirija mara nyingi hutokana na maambukizi ya zinaa kama kisonono na klamidia ambayo hayakutibiwa mapema, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka.

Kukosa mtoto halijawahi kuwa jambo dogo katika kaunti hii. Katika jamii ya Wamaasai wanawake wamekuwa na mkusanyiko wao wa kuomba baraka za uzazi, olamal, jambo linaloonyesha kwamba mzigo huu ulitambuliwa kuwa wa jamii nzima. Mwalimu anayeenda kliniki leo hana sababu ya kuona haya.

Anza karibu na nyumbani

Si kila mwenye ugumba anahitaji matibabu makubwa ya Nairobi. Wengi husaidiwa na hatua za mwanzo, na hatua hizo zinaweza kuanzia hapa hapa. Mkazi wa Matasia anaweza kwenda Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Ngong au ya Ongata Rongai. Wa Kitengela ana Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela, na walio katikati na kusini wana Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Hapo mtu hupata historia yake kuandikwa, presha na sukari kupimwa, maambukizi ya zinaa kuchunguzwa na kutibiwa, na barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake inapohitajika. Barua hiyo itunzwe, kwa kuwa itatumika pia shuleni wakati wa kuomba ruhusa.

Mume na mke waende pamoja siku ya kwanza. Kipimo cha mbegu za kiume ni cha bei nafuu kuliko vingi vya mwanamke, hakina maumivu, na hakitegemei siku ya mwezi. Mwanamume huombwa kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Jumamosi moja yatosha. Wanandoa wengi wametumia miaka na pesa kumtibu mke kabla ya kipimo hiki kufanywa, na baadaye wakagundua kwamba kingepaswa kuwa cha kwanza.

Kwa mwanamke anayejaribu kupata mimba, tembe ya asidi ya foliki ya mikrogramu 400 kila siku hupendekezwa tangu kabla ya mimba, kwa sababu hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Hiyo haihitaji miadi yoyote.

Siku zinazosogezwa na siku zisizosogezwa

Hapa ndipo palipo ugumu wote wa mwalimu. Shule hufuata kalenda ya Wizara ya Elimu. Matibabu ya uzazi hufuata kalenda ya mwili, na siku ya kwanza ya kalenda hiyo ni siku hedhi inapoanza. Hakuna anayeweza kuandika mwezi Januari kwamba skani yake itakuwa Jumanne ya wiki ya sita. Hata hivyo, mtu anaweza kujua ni ziara za aina gani zinakuja na kila moja itachukua muda gani.

Ziara ambazo zinaweza kusogezwa ni hizi: mazungumzo ya kwanza na daktari, kipimo cha mbegu za kiume, kipimo cha damu cha akiba ya mayai kiitwacho AMH ambacho hufanywa siku yoyote, vipimo vya tezi ya shingo, mafunzo ya kujidunga sindano, na kikao cha kueleza gharama na kutia sahihi fomu. Zote hizi zipangwe siku za likizo, katikati ya muhula wakati wa mapumziko mafupi, au Jumamosi. Mwalimu asitumie ruhusa yake ya muhula kwa jambo ambalo lingesubiri likizo ya Aprili au Agosti.

Ziara ambazo hazisogezwi ni hizi:

Vipimo vya homoni vya mwanzo wa mzunguko hufanywa siku ya 2 au ya 3 ya hedhi. Eksirei ya kuangalia kama mirija imefunguka hufanywa baada ya damu kukauka na kabla ya yai kupevuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 11. Kipimo cha kuthibitisha kwamba yai limepevuka hufanywa siku 7 hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa, yaani siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21 atapewa jibu la kupotosha, na ziara hiyo itakuwa imepotea bure.

Mwenye tatizo la yai kutopevuka huweza kupewa tembe za kumeza kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Baadaye hufanyiwa skani kuanzia siku ya 10 au 12 kuona kama yai linakua. Hapo ni ziara mbili au tatu fupi. Ikiwa mbegu za mume zitaoshwa maabara na kuwekwa ndani ya nyumba ya uzazi, kuna ziara moja zaidi ya kutwa nusu.

Matibabu ya IVF, ambapo yai na mbegu hukutanishwa maabara nje ya mwili, ndiyo yenye ziara nyingi. Mtoto wa kwanza duniani wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Nchini Kenya watoto wa kwanza walizaliwa mwaka 2006. Katika IVF mwanamke hudungwa sindano za homoni kila siku kwa siku 8 hadi 14, hufanyiwa skani kila baada ya siku 2 au 3, kisha hudungwa sindano ya mwisho ya kupevusha mayai. Sindano hiyo ya mwisho haina mchezo na saa. Mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baadaye. Kama mayai yatatolewa Alhamisi saa tatu asubuhi, sindano hudungwa Jumanne saa tatu usiku, si saa nne wala si "nikimaliza kusahihisha". Ikicheleweshwa au ikisahauliwa, mzunguko mzima unaweza kuharibika pamoja na pesa zote zilizolipwa.

Mfano wa mwezi mmoja

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Gredi ya 4 anayeishi Matasia, anayefanyiwa IVF katikati ya muhula wa pili katika kliniki iliyo Nairobi na inayofungua Jumamosi. Hedhi yake imeanza Jumapili.

Jumatatu, siku ya 2: skani na damu asubuhi. Jioni anaanza sindano nyumbani.
Jumamosi, siku ya 7: skani ya kwanza ya kufuatilia mayai.
Jumatatu, siku ya 9: skani.
Jumatano, siku ya 11: skani. Daktari anaamua saa ya sindano ya mwisho.
Alhamisi, siku ya 12: anafundisha kama kawaida. Saa tatu usiku anadunga sindano ya mwisho.
Jumamosi, siku ya 14: mayai yanatolewa saa tatu asubuhi.
Alhamisi, siku ya 19: kiinitete kinawekwa ndani ya nyumba ya uzazi.
Jumatatu, siku ya 30: damu ya kupima mimba.

Kwa jumla ni ziara 7, na 5 kati yake ziko siku za shule. Kati ya hizo 5, nne ni za asubuhi tu, na moja ndiyo ya kuombea siku nzima. Mzunguko wa mtu mwingine unaweza kuangukia siku mbaya zaidi, mayai yakatolewa Jumanne, na hapo ataongeza siku mbili, ya shughuli yenyewe na ya kupumzika. Hata hivyo, hesabu hii inaonyesha kwamba IVF haimtoi mwalimu shuleni mwezi mzima. Akiiweka kwenye karatasi, mwalimu mkuu naye ataona ni vipindi vingapi vya kujaziwa.

Kuna jambo lingine la kuuliza kliniki. Baadhi ya skani za kufuatilia na kipimo cha damu cha mwisho vinaweza kufanywa karibu na nyumbani, Ngong, Rongai au Kitengela, na majibu yakatumwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Si kila daktari atakubali, kwa kuwa wengine hutaka kuona skani kwa macho yao. Lakini akikubali hata mara mbili tu, mwalimu ameokoa asubuhi mbili za barabarani.

Likizo inatosha?

Likizo za Aprili na Agosti huwa za wiki tatu hivi. Mzunguko mmoja wa IVF, kuanzia skani ya kwanza hadi kiinitete kuwekwa, huchukua wiki mbili na nusu hadi tatu. Utatoshea tu ikiwa hedhi itaanza siku za mwanzo za likizo. Kwa hiyo mwalimu amweleze daktari tarehe za kufunga na kufungua shule miezi miwili kabla. Daktari anaweza kutumia tembe za kupanga uzazi kusogeza mwanzo wa mzunguko kwa siku kadhaa. Anaweza pia kugawanya kazi mara mbili: mayai yatolewe na viinitete vigandishwe likizo moja, kisha kimoja kiwekwe likizo inayofuata. Kuweka kiinitete kilichogandishwa kunahitaji ziara chache zaidi kuliko mzunguko kamili.

Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu, lakini ina mitego miwili. Walimu wengi huwa kwenye usimamizi na usahihishaji wa mitihani ya kitaifa, na maabara nyingine hufunga karibu na Krismasi. Mwalimu aulize mapema tarehe za maabara kufungwa, kabla ya kulipa na kabla ya kukubali kazi ya kusahihisha.

Aliye na miaka 38 au 40 asisubiri likizo nzuri. Uwezo wa kupata mimba hupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 35, na zaidi baada ya 40. Kwa mtu huyo, kukosa vipindi vichache kwa ruhusa halali katikati ya muhula ni bora kuliko kungoja miezi 8.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina likizo iliyotajwa kwa jina la matibabu ya uzazi. Mwalimu anatumia haki ambazo tayari zipo, na haki hizo zinategemea aliyemwajiri.

Kwanza, Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma bora za afya, zikiwemo za afya ya uzazi. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Mwalimu mkuu anayepokea barua ya daktari hana ruhusa ya kuisoma mbele ya walimu wengine au kuiacha mezani.

Mwalimu wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) anaongozwa na Kanuni za Tume za mwaka 2015. Likizo yake ya mwaka ni wakati shule zimefungwa. Siku za shule anategemea ruhusa ya mkuu wa shule kwa miadi fupi, na likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari pale anapohitaji kupumzika, kama baada ya mayai kutolewa. Kutokuwepo kazini bila ruhusa ni kosa la kinidhamu hata kama sababu ilikuwa njema. Kwa hiyo ruhusa iombwe kwa maandishi na nakala itunzwe.

Mwalimu wa shule ya kibinafsi na mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule wanalindwa na Sheria ya Ajira. Kifungu cha 28 kinampa siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Kifungu cha 30 kinampa, baada ya miezi miwili ya kazi, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 zaidi kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Mkataba wake unaweza kumpa zaidi ya hapo, lakini haumpi pungufu. Mwalimu wa chekechea aliyeajiriwa na kaunti huomba likizo kupitia idara ya elimu ya kaunti kwa utaratibu wa watumishi wengine wa kaunti.

Matibabu yakifaulu, ulinzi huongezeka. Kumfuta mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria. Sheria ya Ajira inatoa miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, na wiki 2 kwa baba. Kwa walimu wa TSC, makubaliano ya pamoja ya 2021 hadi 2025 yaliongeza likizo ya uzazi hadi siku 120, ya baba hadi siku 21, na yakaweka siku 45 kwa mwalimu anayeasili mtoto. Yasipofaulu na mimba ikatoka, mwalimu ana haki ya kupumzika kwa cheti cha daktari kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kumwambia nani, na kiasi gani

Hakuna sheria inayomlazimisha mwalimu kuwaeleza wenzake kwamba anatibiwa uzazi. Anayetakiwa kujua ni anayetoa ruhusa, naye anatakiwa kujua siku na saa, si historia ya ndoa. Barua ya daktari inaweza kusema tu kwamba mwalimu yuko chini ya matibabu yanayohitaji kufika kliniki kwa tarehe zinazotegemea mwenendo wa matibabu.

Ombi fupi linatosha. Kwa mfano: "Mwalimu Mkuu, niko katika matibabu ambayo yatanihitaji kufika hospitali asubuhi mara nne au tano kati ya wiki ya tano na ya tisa, na siku moja nzima. Tarehe kamili nitazijua siku moja au mbili kabla. Nimeambatisha barua ya daktari. Nimekubaliana na mwalimu wa Gredi ya 5 tubadilishane vipindi, nami nitamfundishia vyake vya alasiri. Naomba ruhusa yako na naomba jambo hili libaki ofisini."

Ombi hili linafaulu kwa sababu linakuja na suluhisho. Mwalimu mkuu ana hofu moja kubwa, darasa kukaa bila mwalimu. Anayebadilishana vipindi, anayeacha kazi ya ziada ubaoni, na anayeomba asiwekwe zamu wiki hiyo kisha afanye zamu ya wiki nyingine, huwa ameondoa hofu hiyo kabla haijasemwa. Ikiwezekana, naibu anayepanga ratiba ampe vipindi vya baada ya mapumziko ya saa nne kwa wiki hizo tatu.

Kwa wakuu wa shule, jambo la kukumbuka ni kwamba tarehe kutojulikana mapema si uzembe. Mwalimu anayesema "nitakwambia kesho" kuhusu skani yake anasema ukweli. Kumkatalia skani moja kunaweza kumgharimu mzunguko mzima.

Kwa wenzake ofisini, maswali ya "mtoto lini?" yaachwe. Mtu anaweza kuwa ametoka kudungwa sindano ya tisa asubuhi hiyo.

Barabarani na darasani

Anayetoka Matasia ana njia mbili: kwenda Ngong na kupanda matatu ya 111 kupitia Karen, au kushuka Kiserian na kupanda ya 126 kupitia Rongai na barabara ya Lang'ata. Wa Kitengela hupita barabara ya Namanga, Athi River na Mombasa Road. Kliniki ikitoa nafasi ya kwanza ya asubuhi, iombwe hiyo, na mtu aondoke nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Aliye wa kwanza kwenye foleni anaweza kurudi kwa vipindi vya kabla ya chakula cha mchana. Wa kumi hawezi.

Siku ya kutolewa mayai mtu hupewa dawa ya usingizi. Asiendeshe gari wala asirudi darasani siku hiyo, na awe na mtu wa kumsindikiza nyumbani.

Dawa nyingi za sindano huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala si kwenye sehemu ya barafu. Zibebwe kwenye mfuko wa baridi kutoka kliniki. Stima ikipotea nyumbani, friji isifunguliwe ovyo, na kliniki iulizwe kabla ya kutumia dawa iliyopata joto.

Wakati wa sindano, ovari huvimba. Mwalimu anayefundisha michezo asikimbie wala kuruka na wanafunzi siku hizo hadi daktari aruhusu, kwa kuwa ovari iliyovimba inaweza kujinyonga na kuleta maumivu makali. Kusimama darasani na kuandika ubaoni hakuna ubaya. Baada ya kiinitete kuwekwa, kulala kitandani siku nyingi hakuongezi nafasi ya kupata mimba. Anayependa kurudi kazini siku inayofuata anaweza kurudi.

Siku ya majibu ipangwe kwa hekima. Mwalimu aiombe kliniki impigie simu baada ya saa kumi jioni, akiwa nyumbani na mtu wake, badala ya kusikia habari katikati ya somo la Hisabati.

Pesa

Mzunguko mmoja wa IVF nchini hugharimu laki kadhaa za shilingi, na hakuna kliniki inayoweza kuahidi mtoto. Kabla ya kulipa, mtu aombe orodha ya maandishi: dawa, skani, kutoa mayai, maabara, kugandisha, na kinachorudishwa mzunguko ukisitishwa. Aiulize bima yake kwa maandishi inalipia nini, kwani nyingine hulipia uchunguzi wa ugumba lakini si matibabu ya IVF. Ahakikishe pia kwamba daktari na kliniki wamesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya.

Wengi huchukua mkopo wa Sacco. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mwalimu aliyekwisha kufikia kiwango hicho atakwama mzunguko wa pili ukihitajika. Ni heri kupanga kwa ajili ya mizunguko miwili na kuhitaji mmoja.

Dalili za kutosubiri

Kuna wakati ratiba ya shule haihesabiki kabisa. Katika siku za sindano au wiki mbili baada ya mayai kutolewa, mtu aende hospitali mara moja akipata tumbo kuvimba haraka, kutapika kusikokoma, kupumua kwa shida, mkojo kupungua, au uzito kuongezeka ghafla. Baada ya kipimo kuonyesha mimba, maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kuzirai, au maumivu ya bega pamoja na kutokwa damu yanaweza kuashiria mimba iliyo nje ya nyumba ya uzazi. Hilo huua likicheleweshwa. Aende hospitali yoyote iliyo karibu, mchana au usiku, na aseme wazi kwamba yuko katika matibabu ya uzazi.

Kwa ufupi

Mwalimu anayetaka kuanza afanye haya wiki hii: aandike tarehe ya kwanza ya hedhi zake tatu za mwisho, aende na mume wake hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu, na amalize vipimo vinavyosogezwa kabla shule hazijafunguliwa. Kisha achukue kalenda ya muhula na karatasi ya kliniki, aviweke mezani pamoja na daktari wake, na apeleke ombi lake kwa mwalimu mkuu kwa maandishi, mapema, pamoja na jina la mwalimu atakayemshikia darasa.